Batri inakufa kila baada ya siku mbili tatu: mafundi watatu, majibu matatu. Nani ana haki?

#1 MamaMapacha_Goma
Jambo wote. Niko Goma, Himbi. Gari yangu ni ndogo, ya petroli, otomatiki, usukani uko kulia. Inapeleka watoto shule, inanipeleka soko la Virunga, inarudi. Safari zangu ni dakika kumi, kumi na tano.

Tangu mwezi uliopita, kila baada ya siku mbili tatu nageuza ufunguo asubuhi nasikia tik-tik-tik tu, taa za dashibodi zinafifia mpaka zinazimika. Jirani ananipa moto (umeme wa batri yake) kwa nyaya zake, gari inawaka, inashinda vizuri. Kesho kutwa, tena.

Fundi wa kwanza kasema batri imekwisha, nami niliinunua mpya miezi mitatu iliyopita. Wa pili kasema alternateri, ile inayochaji batri injini ikizunguka. Wa tatu kasema alamu ndiyo inakunywa moto usiku. Kila mmoja anataka nimlipe kwa jibu lake.

La pili: jana jirani alikuwa anafunga kibanio cha mwisho, kile cheusi, moja kwa moja kwenye hasi ya batri yangu. Kijana anayeuza yuniti za simu pale kona akapiga kelele: "Papa, si hapo! Funga kwenye chuma cha injini!" Wakabishana mbele ya lango langu dakika tano, watoto wanachelewa. Nani alikuwa sahihi?

#2 Ndosho_Kijana
Mama, hiyo ni batri. Mpya siyo lazima iwe nzima. Batri ikikaa dukani mwaka mzima bila kuchajiwa inaharibika ikiwa kwenye rafu, wewe unaiona inang'aa tu. Iangalie vizuri, nyingi zina namba ya tarehe iliyochongwa kwenye plastiki au kwenye risasi ya kichwa. Miezi mitatu ni tangu uinunue. Tangu itengenezwe je?

#3 FundiNyawera
Mama Mapacha, pole. Niko Bukavu, umeme wa magari ndio mkate wangu. Usinunue kitu bado. Tafuta kipima volti, hata kile kidogo cha manjano kinatosha.

Gari ikishalala saa kadhaa bila kuguswa, pima kwenye vichwa viwili vya batri. 12.6 au 12.7, imejaa. 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 robo. Ukikuta 11.8 kushuka, imekwisha. Halafu washa gari, pima tena. Ukiona kati ya 13.8 na 14.7, alternateri inachaji. Ukiona 12 na kitu na inazidi kushuka, fundi wako wa pili ana haki. Mwisho, mtu apige demareri (mota ya kuwashia injini) wewe ukitazama mita. Batri iliyojaa ikianguka chini ya 9.6 wakati huo, fundi wa kwanza ana haki. Mambo haya yote ni robo saa, na ninasikitika kwamba watatu hao hakuna hata mmoja aliyetoa mita mfukoni.

Kuhusu nyaya, kijana wa yuniti mpe soda. Nyekundu kwenye chanya ya batri iliyolala. Ncha nyingine ya nyekundu kwenye chanya ya batri nzima. Nyeusi kwenye hasi ya batri nzima. Ncha ya mwisho ya nyeusi kwenye chuma kitupu cha injini ya gari iliyolala, mbali na batri. Kutoa ni kinyumenyume, ukianza na hiyo ya mwisho. Sababu ni moja: ncha ya mwisho ndiyo inayotoa cheche, na batri inayochajiwa inatoa gesi ya hidrojeni. Hidrojeni ikifika sehemu 4 katika 100 za hewa, cheche ndogo inatosha kuilipua.

#4 Shoferi_Mzee
Fundi, nakuheshimu, lakini nimeendesha barabara ya Sake na Masisi tangu kabla ya lava ya volkano ya Nyiragongo ya 2002 kupita katikati ya mji, na nimefunga nyeusi kwenye hasi miaka hiyo yote. Sijapasua hata moja. Injini zetu zimejaa mafuta, vumbi la volkano na rangi. Unafunga kibanio kwenye chuma, moto haupiti, unabaki unapiga demareri bure. Kwenye hasi unashika mara moja.

Halafu mama, kitu kimoja: usiiweke batri chini kwenye sementi. Sementi inanyonya moto. Sisi tunaweka juu ya ubao.

#5 Mwalimu_Fizikia
Mzee, shikamoo. Hilo la sementi lina historia yake. Batri za zamani zilikuwa kwenye masanduku ya mbao, baadaye ya mpira mgumu, na unyevu ulikuwa unapita. Hizo kweli zilikuwa zinavuja moto zikiwekwa sakafuni. Sanduku la leo ni plastiki ngumu, moto hauna njia ya kutokea chini. Batri iliyokaa sakafuni miezi miwili inakufa kwa sababu imekaa miezi miwili. Ingekufa hata juu ya godoro.

#6 Shoferi_Mzee
Marahaba mwalimu. Ubao wangu hautoki.

#7 Yaya_Panzi
Niko Bukavu pia. Naomba mzee asome hili taratibu.

Kaka yangu alikuwa anachaji batri ya gari ndani, kwenye kakorido, usiku kucha, mlango umefungwa kwa sababu ya mvua. Asubuhi akainama akavuta kibanio bila kuzima chaja kwanza. Tulisikia kitu kama tairi ya lori kupasuka. Kifuniko cha batri kiligonga dari kikaacha alama ambayo bado ipo. Yeye alikuwa amesimama macho yamefumba, mikono iko mbele kama kipofu, maji meusi yanamtiririka shingoni. Mama akachukua ndoo ya maji ya kuogea akammwagia yote, akamwagia na ya pili, na ya tatu, akimfungua kope kwa vidole. Macho yalipona, Mungu asifiwe, kwa sababu hakusubiri hata dakika moja. Daktari alisema tungeendelea kumwagia robo saa au zaidi, hata njiani.

Shati lake la pamba lilionekana zima siku ile. Nililifua mimi mwenyewe. Nilipolikamua likabaki mikononi kama chujio, matundu matundu kifua kizima.

Yeye pia alikuwa amefanya hivyo miaka mingi bila kitu.

#8 Shoferi_Mzee
Yaya, pole sana, na mpe pole kaka. Nimesoma. Nitafunga kwenye chuma.

Lakini fundi, basi utuambie chuma kipi, maana lile la rangi na mafuta bado ni kweli.

#9 FundiNyawera
Swali zuri, mzee. Tafuta kile kijicho cha chuma cha kunyanyulia injini, nyingi zinacho. Au mguu wa chuma unaoshika alternateri. Au boliti nene kwenye blok. Kikwarue kwa bisibisi mpaka uone chuma kinang'aa, halafu kibanio ukitikise kidogo ili kiume. Usifunge kwenye bomba la petroli, wala kwenye kitu cha plastiki kilichopakwa rangi ya fedha. Na angalia nyaya zisilale karibu na feni wala mkanda. Nimeona waya ukisokotwa na feni gari ilipowaka, kibanio kikaruka kikavunja taa.

Nyaya zenyewe pia. Zile nyembamba za barabarani, ganda nene lakini ukilikata ndani shaba ni ya kutafuta. Demareri ya gari ndogo ya petroli inavuta ampea 150, 200. Ya dizeli inazidi hapo. Kwa petroli tafuta waya wa milimita mraba 16, kwa dizeli 25. Ukishika waya wakati wa kupiga na unakuchoma mkono, moto unaishia njiani.

#10 KatubaBoy
Jambo bandugu! Miye niko Lubumbashi. Huku mwezi wa sita na wa saba asubuhi baridi inakata, na ndiyo saa batri zote za mtaa zinalala pamoja. Lakini joto la mwezi wa kumi ndilo lilikuwa limeziua, baridi inakuja tu kutangaza msiba.

Nataka kuonya kitu. Shemeji yangu alikwama njia ya Kasumbalesa, dereva wa lori akamwonea huruma, akaleta nyaya. Lori ni volti 24. Motoka ya shemeji ni 12. Redio ilitoa moshi, taa mbili zikapasuka, na kompyuta ya injini ikafa. Huruma ile ilimgharimu kuliko kuburutwa mpaka mjini.

#11 Ndosho_Kijana
Malori mengi ya Fuso hapa Goma ni 24 pia. Unaona batri mbili pembeni.

#12 FundiNyawera
Batri mbili peke yake haikuambii. Kuna jipu za dizeli zenye batri mbili na bado ni 12, kuna zingine demareri yake ni 24. Fuata waya unaounganisha batri hizo mbili. Ukitoka chanya kwenda chanya, ni 12. Ukitoka chanya ya moja kwenda hasi ya nyingine, ni 24, kaa mbali nayo. Wapo wanaochukua moto kwenye batri moja tu ya lori lililozimwa, ile ambayo hasi yake inaenda kwenye chesisi. Inawezekana. Mimi sifanyi, maana anayefunga saa moja usiku kwa tochi ya simu akikosea kichwa kimoja, amekwisha.

#13 Yaya_Panzi
Sisi Bukavu dawa yetu mnaijua: unaegesha ukitazama mteremko. Gia ya pili, achia breki, achia klachi, twende. Kutoka Kadutu unaweza kuwasha magari matatu kabla hujafika chini.

#14 Mwalimu_Fizikia
Na Mama Mapacha yuko Himbi, tambarare mpaka ziwani, na otomatiki juu yake. Otomatiki haisukumwi, pampu ya mafuta ya gia inazungushwa na injini, injini ikilala hakuna kinachoshika. Yaya, hata mteremko wenu wa Nguba ungemshusha mpaka majini bila kuwaka.

#15 Yaya_Panzi
Angalau angefika ziwani akanunua sambaza, vile visamaki vya ziwa 😄

#16 MamaMapacha_Goma
Aksanti sana. Yaya, nimesoma habari ya kaka yako mara mbili, nimemtumia jirani.

Sambaza napata hapa hapa. Mita nimeazima kwa mjomba, kesho napima. Ila jirani ana swali: akinipa moto, gari yake iwe inawaka au imezimwa? Yeye anaiwasha na kuikanyagia. Mume wangu anasema itamuunguzia alternateri bure.

#17 Shoferi_Mzee
Iwake. Iache dakika tano kwenye mzunguko wa juu kidogo, kama 1,500, ndipo upige ya mama. Wakati huo batri iliyolala inakuwa imekula kitu.

#18 Ndosho_Kijana
Izimwe! Magari ya siku hizi ni kompyuta tupu. Ya mama ikivuta ampea 200 ghafla, alternateri ya jirani ndiyo inajaribu kuzitoa.

#19 Mwalimu_Fizikia
Nyote mna sehemu. Jirani akiwasha, nyaya zinakuwa na volti 14 badala ya 12 na kitu, hivyo moto unaoingia ni mwingi zaidi. Lakini alternateri haijatengenezwa kujaza batri iliyokufa kabisa, inapata joto. Na vitabu vya magari vyenyewe havikubaliani, kimoja kinasema washa, kingine kinasema zima kabla ya kupiga.

#20 FundiNyawera
Mimi niko katikati. Washa dakika tano ulishe, kisha zima ya jirani, kisha piga ya mama. Ikikataa, rudia. Usipige demareri zaidi ya sekunde kumi mfululizo, ipumzishe dakika moja. Na kabla ya kutoa nyaya, ya mama ikiwa inawaka, washa feni ya hewa na kipasha kioo cha nyuma. Moto ukiruka wakati unatoa nyaya, vitu hivyo vinaumeza. Taa kubwa usiwashe, balbu ndizo zinazokatika.

Najua Ndosho hatakubali.

#21 Ndosho_Kijana
Sikubali. Lakini ya feni nimeandika.

#22 Shoferi_Mzee
Mama, njia rahisi ya kujua alternateri: gari ikiwa inawaka, toa kichwa kimoja cha batri. Ikizima, alternateri imekufa. Ikiendelea, ni nzima.

#23 FundiNyawera
Mzee wangu, hapana, hapana. Nakuomba kwa magoti. Hiyo ilikuwa dawa ya magari ya zamani yasiyo na kompyuta. Batri ndiyo inayotuliza volti. Ukiitoa gari ikiwaka, volti inaruka juu na kuchoma diodi za alternateri, na hata kompyuta, ukiwa na bahati mbaya. Nimepokea magari mawili mwaka huu yaliyouawa na kipimo hicho hicho. Mita, mita, mita.

#24 KatubaBoy
Kuna kitu hamuulizi. Huku kwetu mtu akisema "batri inakufa usiku", swali la kwanza ni: usiku inalala wapi? Maana stima ikikatika, batri inatolewa ndani ya motoka inaingia sebuleni, inawasha televisheni, mpira unaisha, saa kumi na moja asubuhi inarudishwa kimya kimya. Baba hajui, anafukuza fundi.

Mama Mapacha, chunguza watu wa nyumbani kwako 😄

#25 Mwalimu_Fizikia
KatubaBoy amesema jambo kubwa kuliko anavyodhani. Batri ya gari ina sahani nyembamba na nyingi, imeundwa kutoa moto mwingi kwa sekunde chache kisha ijazwe papo hapo. Ukiikausha mpaka chini kwa televisheni, sahani zinapata ukoko mweupe wa salfeti ambao ukikaa siku chache unaganda. Mara chache tu za namna hiyo, batri mpya inakuwa mzee. Kwa nyumba na sola kuna batri zenye sahani nene, ni kazi tofauti.

Na wale wanaoongeza maji ya bomba, au ya ziwa, au asidi mpya kila yakishuka: kinachopungua ndani ni maji, asidi inabaki. Ongeza maji yaliyosafishwa peke yake. Maji ya Kivu yamejaa chumvi za madini. Na ya mvua hapa Goma, wengi wanayaona safi, lakini mvua iliyopita kwenye moshi wa Nyiragongo inabeba asidi yake na fluoridi.

#26 Yaya_Panzi
Kumbe. Baba alikuwa anakinga mvua kwa sufuria maalum ya batri, hatukuruhusiwa kuigusa.

#27 MamaMapacha_Goma
KatubaBoy, nimechunguza kama ulivyosema. Batri haitoki garini. Lakini kijana wangu mkubwa amekiri kwamba jioni umeme ukikatika anaingia kwenye gari, anageuza ufunguo nusu, anachaji simu yake na ya dada yake, na redio inaimba. Nilimuuliza saa ngapi, anasema "kidogo tu". Kidogo tu ya mtoto wa miaka kumi na tano mnaijua.

#28 Ndosho_Kijana
Kesi imefungwa! Alamu, alternateri, wote wasamehewe.

#29 Mwalimu_Fizikia
Polepole. Tupige hesabu. Ampea-saa moja ni ampea moja kwa saa moja. Simu mbili zikijazwa zinakula kama ampea-saa mbili na nusu. Ufunguo nusu na redio, tuseme ampea 3 kwa saa mbili, ni 6. Jumla chini ya 9. Batri ya gari ndogo ni kama 45. Batri nzima inayolala imejaa ingewasha asubuhi bila shida. Mtoto anachangia, lakini peke yake hatoshi, labda batri iwe haijai kamwe.

#30 FundiNyawera
Na haijai. Dakika kumi, kumi na tano, taa zimewashwa, feni inazunguka, foleni ya Signers, alternateri inarudisha kile demareri ilichochukua na kidogo juu yake. Batri ya mama inaishi nusu tumbo. Ningemshauri siku moja kwa wiki aende mbali kidogo, nusu saa au zaidi bila kusimama, au aipeleke kwenye chaja usiku mmoja.

#31 Shoferi_Mzee
Mnasahau barabara. Mawe ya lava yanatikisa kila kitu. Batri isiyofungwa vizuri kwenye kiti chake inaruka, sahani zinavunjika ndani, vichwa vinalegea. Mama, fungua kapo (kifuniko cha injini), shika batri kwa mikono miwili uisukume. Ikicheza, umeanza kupata jibu. Kisha shika kila kichwa ukizungushe kwa mkono. Kikizunguka, ndicho.

#32 MamaMapacha_Goma
Mzee, nimefanya sasa hivi. Batri haichezi. Lakini kichwa cha hasi kimezunguka kwa vidole vyangu! Na chini yake kuna unga mweupe wenye kijani, kama chumvi iliyolowa.

#33 FundiNyawera
Mzee, hapo umenipiga. Hilo ningeliuliza kwanza kabisa.

Mama, usiuguse kwa mkono mtupu. Toa hasi kwanza, halafu chanya. Nyunyizia maji yenye bikaboneti, itatoka povu. Povu likiisha suuza, kausha, kwarua kwa brashi ya waya au msasa mpaka risasi ing'ae. Rudisha chanya kwanza, hasi mwisho, kaza, paka grisi kidogo juu. Hasi inatoka kwanza na kurudi mwisho kwa sababu spana ikigusa bodi ukiwa kwenye chanya wakati hasi bado imefungwa, spana inageuka kuwa chuma cha kuchomelea. Na vua pete.

#34 MamaMapacha_Goma
Nimerudi baada ya siku tatu, nina namba. Vichwa nilisafisha, povu lilikuwa kama sabuni. Jioni gari ikiwa imepumzika: 12.3. Ikiwaka: 14.1, na taa zote 13.9. Mwanangu amepigwa marufuku garini. Na bado asubuhi ya leo: 11.9, imewaka kwa shida.

Mjomba alikuja kupima kinachokunywa usiku, akaweka mita kati ya hasi na waya wake. Imeonyesha ampea 0.38.

#35 Ndosho_Kijana
14.1 ni nzuri, fundi wa pili nje.

#36 FundiNyawera
Si nje kabisa, diodi moja ya alternateri inaweza kuvuja usiku na mchana ikaonyesha 14. Mama, mjomba alisubiri muda gani? Gari ikishafungwa kompyuta zinachukua hata nusu saa kulala. Akipima dakika ya kwanza, 0.38 haina maana.

#37 MamaMapacha_Goma
Dakika arobaini, alikunywa chai kwanza. Milango imefungwa, ufunguo uko ndani ya nyumba.

#38 FundiNyawera
Mpe mjomba heshima zangu. Basi 0.38 ni nyingi mno. Gari iliyolala inatakiwa kunywa chini ya 0.05. Sasa achomoe fyuzi moja moja mita ikiwa pale pale, aone ipi inashusha namba.

#39 MamaMapacha_Goma
Alichomoa. Fyuzi ya redio na taa za ndani: ikashuka hadi 0.04. Kwenye njia hiyo hiyo kuna alamu, na kuna kiboksi cheusi chini ya usukani ambacho hakuna anayejua ni cha nini. Kilikuja na gari.

#40 KatubaBoy
Fundi wa tatu anacheka saa hii! Icho kiboksi labda ni cha kufuatilia motoka, chenye laini ya simu. Kinatafuta mtandao wa nchi ilikotoka usiku kucha.

#41 Mwalimu_Fizikia
Inawezekana. Lakini hesabu tena: 0.38 kwa saa kumi na mbili ni ampea-saa 4 na nusu. Kutoka 12.3 hadi 11.9 kwa batri ya 45, volti zinasema imepoteza karibu nusu ya ujazo, yaani zaidi ya 20. Ampea-saa zaidi ya 15 zimeenda wapi? Ama batri yenyewe inajila ndani, ama ile 45 iliyoandikwa ubavuni haipo tena.

#42 Ndosho_Kijana
Nilisema ukurasa wa kwanza. Batri!

#43 Shoferi_Mzee
Au waya wa masi wa injini, ule unaotoka hasi ya batri kwenda kwenye chuma, umeoza, na namba zenu zote zinadanganya. Mama aliusafisha upande wa batri. Upande wa pili, kwenye bodi, nani kaangalia?

#44 MamaMapacha_Goma
Hakuna. Kesho mjomba.

#45 FundiNyawera
Kabla ya kesho, mama, kuna kipimo kimoja cha usiku huu. Batri iwe imeshiba, kwa chaja ya mtu ikiwezekana. Washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri dakika kumi, pima, andika. Kisha toa hasi kabisa, uifunge kwa kitambaa isiguse kitu, ilale hivyo. Asubuhi pima kwenye vichwa kabla ya kurudisha waya. Ikibaki pale pale, mwizi yuko kwenye gari. Ikishuka ikiwa peke yake, mwizi ni batri.

Milango ifunge kwa ufunguo, rimoti haitafanya kazi. Na kama king'ora cha alamu kina batri yake ndani, kitalia ukitoa waya, basi waambie majirani mapema.

#46 MamaMapacha_Goma
Chaja nimepata kwa kijana wa yuniti, kumbe ana chaja. Imeshiba. 12.68 saa tatu usiku. Waya nimeutoa, nimeuvika soksi ya mtoto. King'ora kimelia, jirani ametoka na tochi, nimemweleza. Nitapima saa kumi na mbili.

#47 Yaya_Panzi
Nasubiri na mimi. Usisahau kuandika namba kabla ya chai.